Kilomita ya Ishirini na Mbili

Andiko: 2 Wakorintho 8:1–21. Soma pia 1 Wakorintho 9:24–27 na Mhubiri 5:4–5.

Jumapili iliyopita wengine wenu hamkuwa ibadani, na wengine mlikuwa lakini mkatoka kabla sijamaliza. Niliwaona. Kwa hivyo Mchungaji ameniomba niandike hapa yale niliyohubiri, ili kila mmoja ayapate, aliyekuwepo na aliyetoka.

Mnajua mimi si mtu wa mbio. Chuoni nilisomea biashara, na tangu nihitimu maisha yangu yamekuwa ya kiti, meza na kompyuta, mpaka Bwana aliponiita madhabahuni, ambako pia nilikuta kiti. Mwezi wa kwanza mwaka huu daktari alinipima presha, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama huwa natembea. Nikamwambia natembea, kutoka kwa gari hadi kanisani. Hakucheka.

Nikarudi nikawaeleza marafiki zangu watatu, wote washirika wa hapa. Mmoja ni mwalimu wa shule ya msingi. Wa pili ni kijana wa boda boda. Wa tatu ni mama anayeuza ndizi pale sokoni Nyakoe, na ninyi nyote mmewahi kununua kwake, wengine kwa deni. Tukakubaliana tukimbie pamoja, na kwa vile tutatoa jasho, basi jasho hilo limfae mtu. Tukaweka lengo la kilomita 21 baada ya wiki kumi na mbili, watu watoe ahadi kwa kila kilomita, pesa ziende kwa mfuko wa wahitaji.

Wazo hili hatukulitoa hewani. Nairobi watu wamekuwa wakinunua fulana za Mater Heart Run kwa miaka mingi ili watoto wa familia maskini wafanyiwe upasuaji wa moyo. Na mnamkumbuka Mama Margaret Kenyatta. Mwaka wa 2014 alianzisha Beyond Zero kwa ajili ya akina mama wanaofariki wakijifungua na watoto wachanga. Mwezi wa tatu mwaka huo alikimbia kilomita 21 pale Nairobi, na tarehe 13 Aprili akakimbia marathon ya London, kilomita 42 na kitu. Alichukua zaidi ya saa saba! Washindi walikuwa wameshaoga, wamekula, wengine pengine wamelala. Lakini kliniki za magari zilizotokana na kampeni ile zilifika kaunti zote 47, Kisii na Nyamira zikiwemo. Hakuna mama aliyepanda gari lile kupimwa mimba akauliza saa saba zilikuwa za nini.

Basi tukaanza. Jumanne na Alhamisi saa kumi na moja na nusu asubuhi, na Jumamosi mbio ndefu. Siku ya kwanza sikufika kilomita tatu. Pumzi ilikata kwenye kamlima kale ambako watoto hupanda wakienda shule huku wakila muwa. Nilishika magoti, nikasikia sauti ndogo nyuma ya ua: “Bwakire, Pastor! Unafukuzwa na nani?” Nikasema sifukuzwi. Akaniuliza tena, “Sasa mbona unakimbia?” Swali zuri, na sikuwa na pumzi ya kulijibu.

Mwalimu ndiye aliyetupangia mazoezi. Tunakimbia dakika nne, tunatembea moja. Na akaweka sheria kwamba mwendo wa kundi ni mwendo wa yule wa nyuma. Kijana wa boda ana miguu mirefu na angeweza kutuacha akafika Mosocho sisi tukiwa bado tunafunga kamba za viatu, lakini alirudi nyuma kila mara. Mimi nilidhani wa nyuma atakuwa mama wa ndizi, maana alikuja na sketi, leso kiunoni na raba za mtoto wake. Wapendwa, mtu aliyebeba mikungu ya ndizi kichwani kwenye milima hii kwa miaka ishirini hafundishwi mlima na mtu wa ofisi. Wa nyuma nilikuwa mimi. Wiki saba nzima kundi lilikwenda kwa mwendo wangu, na hakuna aliyenisema.

Wiki ya saba dada yetu mmoja alijifungua mapacha kabla ya wakati. (Amekubali nieleze, bila jina. Na kijana wa boda pia amekubali, ingawa kwake ilinibidi nimbembeleze.) Watoto waliwekwa kwenye mashine ya joto, mama akalala wodini karibu nao. Michango ya bima ilikuwa imekatika tangu mumewe akose kazi. Tukaulizana, huyu si ndiye mhitaji? Tukatangaza hapa kanisani kwamba mbio zote ni za bili ya dada yetu.

Mlikuwepo Jumapili ile ya ahadi. Mimi ndiye niliyeshika kipaza sauti. “Nani ana mia tano kwa kila kilomita? Nani ana mia mbili?” Nikaanza na yangu ili kuwatia moyo: shilingi 500 mara 21, shilingi 10,500. Mkapiga makofi. Watu 38 wakaandikisha ahadi, jumla shilingi 168,400. Nilitengeneza jedwali zuri sana kwa kompyuta, lenye rangi. Mama wa ndizi aliandikisha shilingi 20 kwa kilomita. Hiyo ni 420. Hakupigiwa makofi, kwa sababu nilikuwa tayari nimehamia kwa mtu mwingine.

Siku ya mbio ilifika. Ukungu, baridi, barabara imelowa. Washirika walitoka na vyupa vya maji, wazee wakasimama kando ya lami na miavuli yao. Tulikimbia kuelekea Kisii mjini, tukageuka, tukaingia barabara za ndani za murram, tukapita mashamba ya chai na migomba, tukarudi. Kilomita ya kumi na saba mguu wangu ulikaza nyama nikakaa chini kwenye majani. Mwalimu alinikunja mguu, mama wa ndizi akanipa ndizi moja mbivu kutoka kwenye leso, akasema, “Kula, Pastor, hii sikuandikii.” Tulimaliza wote wanne pamoja, saa tatu na dakika kumi na mbili. Tukapiga picha. Nikaziweka kwenye kundi la WhatsApp la kanisa, na kwa dakika chache simu ilijaa mikono ya kupiga makofi.

Jioni ile dada yetu alituma ujumbe kutoka wodini. Niliusoma nikiwa nimeweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Aliandika hivi: “Asanteni kwa kunikimbilia. Lakini bado niko hapa.”

Nilifungua jedwali langu la rangi. Daktari alikuwa amemruhusu aende nyumbani siku moja kabla ya mbio, yeye na watoto. Bili ilikuwa shilingi 146,000. Ahadi zilikuwa 168,400, kwa hivyo mtu akiangalia karatasi atasema dada yuko nyumbani na chenji imebaki. Pesa zilizokuwa mkononi zilikuwa 57,250.

Wapendwa, wacha sasa tufungue andiko. Korintho ulikuwa mji wa biashara, na karibu na mji huo, pale Isthmia, kulikuwa na michezo mikubwa kila baada ya miaka miwili. Watu walitoka mbali kuangalia wakimbiaji, na mshindi alivikwa taji la matawi ya msonobari. Kwa hivyo Paulo alipowaandikia katika barua ya kwanza, sura ya 9, kuhusu mkimbiaji anayejinyima na taji linalonyauka, alikuwa anaongea na watu wa mbio. Ni kama kuongea habari za mbio na sisi. Hapa wazee wanamkumbuka Nyantika Maiyoro aliyeenda Olimpiki ya Melbourne mwaka wa 1956, na hakuna mtoto wa Nyamira ambaye hajaambiwa kuhusu Naftali Temu.

Mahubiri mengi ya mbio huishia pale sura ya 9. Tunasema kimbieni mpate taji, tunasema amina, tunaenda kula. Lakini kanisa lilelile la Korintho lilipokea barua nyingine baadaye, na hiyo inahusu pesa. Kulikuwa na ukata kule Yerusalemu, watakatifu wanateseka, na Paulo alikuwa akikusanya mchango kutoka makanisa ya mataifa. Korintho walikuwa wa kwanza kukubali. Walikuwa na moto. Pengine mtu alishika kipaza sauti. Kisha mwaka ukapita na mchango haujakamilika. Ukisoma sura ya 8, mstari wa 10 na wa 11, utaona Paulo hana haja ya kuwachochea wapende kutoa. Walishapenda. Anachowaomba ni wamalize. Anataka utayari wa kuahidi ulingane na kutimiza, kwa kadiri ya walicho nacho.

Na anawapa mfano wa nani? Wamakedonia. Watu maskini, wenye dhiki, ambao walitoa kuliko uwezo wao na tena wakabembeleza wapewe nafasi ya kutoa. Nikisoma hapo namwona mama wa ndizi. Jumatatu baada ya Jumapili ya ahadi, kabla hata hatujakimbia, alikuja ofisini akafungua pindo la leso akamwaga sarafu na noti za hamsini juu ya meza: shilingi 420. Nilimwambia mama, mbio bado, subiri kwanza tukimbie. Akaniangalia kama mtoto. “Nikivunjika mguu njiani,” akasema, “mtoto atakuwa amepona?”

Nilizihesabu, nikamwandikia risiti, nikarudi kwa jedwali langu. Na safu ya kwanza kabisa ya jedwali lile, wapendwa, ilikuwa ya kwangu. Ahadi 10,500. Nilikuwa nimelipa 4,000. Nilijiambia nitamalizia baada ya mbio. Baada ya mbio nikajiambia mwisho wa mwezi. Mimi niliyesomea hesabu za madeni, mimi ninayewapigia simu washirika nikiwakumbusha, nilikuwa na deni la 6,500 kwa mtoto mwenye uzito wa mfuko wa sukari. Na nilikuwa nimepigiwa makofi mara mbili, siku ya ahadi na siku ya picha.

Wiki tatu zilipita. Nilipiga simu. Wengine hamkushika, na siwalaumu sana, maana najua namba yangu ikitokea kwa simu ya mtu inaonekana kama namba ya mkopo. Hadi mwisho wa wiki ya tatu tulikuwa na shilingi 89,700. Kati ya watu 38, kumi na wanne walikuwa wamemaliza, tisa tumelipa kidogo (mimi nikiwa kwa hao tisa), na kumi na watano bado kabisa. Na kitanda cha wodi hakisubiri mtu ajisikie. Kilihesabiwa shilingi 1,100 kila siku. Siku 23, shilingi 25,300. Bili ikafika 171,300.

Angalieni hesabu hiyo vizuri, kwa sababu ndiyo iliyoninyima usingizi. Kama sisi sote tungelipa siku ya mbio, dada angetoka, na 22,400 zingebaki kwa mhitaji mwingine. Sasa hata tukilipa kila shilingi tuliyoahidi, hazitoshi. Tumepungukiwa na 2,900. Hazikuibiwa na mtu. Tumezipoteza kwa kuchelewa tu, na katika siku hizo 23 mama mwenye maziwa na watoto wawili wazima amelala wodini akiangalia picha zetu.

Na alitokaje? Siku ya ishirini na tatu kijana wa boda alikwenda hospitali peke yake, bila kuniambia mimi wala mwalimu, akaweka logibuku ya pikipiki yake kama dhamana ya salio. Shilingi 81,600. Akatia sahihi kwamba isipolipwa kufikia mwisho wa mwezi ujao, pikipiki wachukue. Kisha akatafuta gari, akawaleta dada na watoto hadi nyumbani. Mimi nilijua nilipoona picha ya watoto, na mara hii sikuwa mimi niliyeiweka kwenye kundi.

Nilimwita ofisini. Nilikuwa na hasira kidogo, nisidanganye, ile hasira ya mtu aliyeaibishwa. Nikamwambia ndugu yangu, hiyo pikipiki ndiyo unga wa watoto wako, ungeniuliza. Akajibu kwa upole kwamba kule kwa mazoezi mwalimu alituambia mwendo wa kundi ni wa yule wa nyuma. “Dada ndiye alikuwa nyuma, Pastor. Na sisi tulikuwa tumeshafika, tunapiga picha.”

Nimekuwa nikilichukua neno hilo kila asubuhi nikikimbia. Kuna kilomita 21 ambazo watu wanaziona, kuna maji, kuna miavuli, kuna watoto wanaokusalimu. Halafu kuna ya ishirini na mbili. Hiyo hukimbiwa mtu akiwa peke yake na simu yake ya M-Pesa usiku, ada ya shule inadaiwa, mbolea haijanunuliwa, na hakuna anayekuona ukibonyeza au usipobonyeza. Temu alipokuwa Mexico City mwaka wa 1968 alishinda mita 10,000 tarehe 13 Oktoba, akampita Mamo Wolde wa Ethiopia kwenye mzunguko wa mwisho. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki. Akapata shaba katika mita 5,000. Hayo tunayajua. Lakini wiki ileile, miguu ikiwa imechoka, alikimbia pia marathon, akawa wa 19. Ile hatuisimulii. Hakuna anayeita mtoto wake jina kwa sababu ya nafasi ya 19. Lakini aliimaliza, kwenye mji ulio juu sana ambako hewa ni nyembamba na wengine waliacha njiani.

Kuna jambo jingine lazima niseme, na hapa nakosoa madhabahu kabla ya viti. Baadhi ya ahadi zile hazikutoka moyoni mwenu. Nilizitoa mimi kwa kipaza sauti. Nilimwangalia mtu machoni mbele ya mkewe na wakwe, nikasubiri, akataja elfu tano ambazo hana. Paulo hafanyi hivyo. Mstari wa 12 unasema wazi kwamba toleo hukubaliwa kwa kadiri ya alicho nacho mtu, si kwa alichokosa. Kama wewe ni mmoja wa wale niliowabana, njoo ofisini tuongee. Hatutakuaibisha. Tutaandika upya unachoweza, hata kama ni mia moja kwa wiki, na tutaomba pamoja. Mhubiri anasema ni heri kutoweka nadhiri kuliko kuiweka na kutoiondoa, na mimi niliwasukuma mkaweka. Nisameheni.

Lakini kama unayo, na ilikuwa tu imesahaulika kama yangu, basi sina maneno laini. Lipa.

Na mtu asiseme pesa za kanisa hazijulikani zinakoenda. Paulo mwenyewe alikuwa mwangalifu hapo. Mstari wa 18 hadi wa 21, hakubeba mchango peke yake. Alimtuma Tito na ndugu mwingine aliyechaguliwa na makanisa, ili mtu asipate la kulaumu, mbele za Bwana na mbele za wanadamu. Mtume aliyekuwa akiona maono aliona pia umuhimu wa mashahidi wa pesa! Kwa hivyo kuanzia sasa, michango ya hospitali haitapitia kwa simu yangu wala ya mtu mwingine. Italipwa moja kwa moja kwa akaunti ya hospitali, mhazini na wazee wawili wakishuhudia, na risiti itabandikwa kwenye ubao mlangoni. Na Jumapili za ahadi za kutaja majina nimeomba wazee tuziache. Atakayetaka kuahidi ataandika kwa karatasi na kuikunja.

Jumatano nililipa 6,500 zangu. Risiti iko ubaoni, ya kwanza juu. Salio la hospitali sasa ni shilingi 75,100. Ahadi ambazo bado hazijatimizwa ni 72,200. Zile 2,900 zinazopungua zimechukuliwa na sisi wakimbiaji wanne, tumegawana 725 kila mmoja, na mama wa ndizi ameshaleta zake.

Watoto wanaendelea vizuri. Mmoja ana mashavu, mwingine ana sauti. Mkienda kuwaona, msiende mikono mitupu, mama ananyonyesha wawili na chinsaga pale sokoni ni bei nafuu wiki hii.

Mazoezi yanaendelea. Jumanne na Alhamisi saa kumi na moja na nusu, mbele ya kanisa, hata mvua ikinyesha. Tumekuwa kumi na mmoja sasa. Yule mtoto wa nyuma ya ua huja Jumamosi, na ndiye anayerudi nyuma kuniangalia.